Usitupe mbachao: Anayefufua gari la zamani aanze na vitu vidogo

Pwani yetu ina magari mengi yaliyolala. Zunguka nyuma ya nyumba za Tononoka, Likoni, Kilifi au Malindi, utayakuta chini ya miarobaini na miembe, yamefunikwa turubai au hayakufunikwa kabisa. Kuna Volkswagen za mgongo wa kobe, Peugeot 404 na 504, Land Rover za mabati, Datsun na Austin. Mara nyingi mzee aliyelinunua ameshatangulia mbele ya haki, na watoto wanavutana. Mmoja anataka liuzwe skrapu kwa kilo ili uwanja uwe wazi. Mwingine anasema hapana, hili ni gari la baba, tulifufue.

Makala haya ni ya huyo wa pili. Ameamua vyema, lakini bado hajafika. Magari mengi hayafi pale uani. Hufia gereji, mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa. Gari linaweza kulala miaka thelathini likiwa na kila kitu chake, halafu miezi mitatu ya ukarabati ikaondoa yote yaliyolifanya kuwa gari lile. Linatoka likiwa linang'aa, rangi nyekundu ya kisasa, viti vya ngozi bandia, usukani wa michezo, redio yenye taa za buluu. Watu wanapiga makofi. Lakini anayejua akiinama na kutazama, anaona gari lisilo na mwaka, lisilo na asili, na ambalo hakuna atakayeweza kulirudisha lilivyokuwa.

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Katika kazi hii, mbachao ni taa ndogo iliyofifia, skrubu yenye kichwa cha mfereji, kipande cha mpira kilichokauka. Hivyo ndivyo hutupwa siku ya kwanza, na hivyo ndivyo vigumu zaidi kupatikana tena. Mlango utaupata. Injini utaipata. Kishikio halisi cha kioo cha mwaka ule, utakitafuta hadi uchoke.

Kwa nini tunachukua mfano wa Beetle

Ili tusizungumze hewani, tuchukue gari moja tu: Volkswagen Beetle. Si geni kwetu. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 kama Coronation Safari, Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara zilizokuwa tope na vumbi tupu. Ilitengenezwa kwa miaka mingi kuliko magari karibu yote, na ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 30, 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21.

Kwa mbali Beetle zote ni sura moja. Hapo ndipo wengi hukosea. Kiwanda hakikuwa kikibadilisha umbo, kilikuwa kikibadilisha vitu vidogo, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kila Beetle ni kalenda. Anayejua kuisoma atakuambia mwaka wake kabla hajaona karatasi hata moja.

Anza na kioo cha nyuma. Hadi Machi 1953 kilikuwa vipande viwili vilivyogawanywa katikati. Kuanzia hapo hadi Julai 1957 kikawa kimoja chenye umbo la yai. Agosti 1957 kikawa kikubwa cha pembe nne, na Agosti 1964 vioo vyote vya gari vikaongezwa ukubwa.

Nenda kwenye ishara za kupinda. Gari la kabla ya katikati ya 1960 halikuwa na indiketa za kumetameta kama tunazozijua. Lilikuwa na mikono midogo yenye taa, iliyochomoza kutoka kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango, kama mtu anayenyoosha mkono. Baada ya hapo taa za ishara zikapanda juu ya madigadi za mbele.

Taa za nyuma nazo zina hadithi yake. Zilikuwa ndogo hadi 1961, zikawa kubwa zaidi kuanzia magari ya 1962, zikarefuka kuanzia Agosti 1967, na Agosti 1972 zikawa zile kubwa za mviringo ambazo mafundi wa nchi nyingi huzifananisha na mguu wa tembo.

Ndani ya gari, tafuta geji ya mafuta. Beetle za kuuzwa nje ziliipata kwa magari ya 1962. Kabla ya hapo dereva alikuwa na kijiti karibu na miguu: mafuta yakikata, anakigeuza, tangi linaachia akiba ya kumfikisha kwenye kituo. Ukiona geji kwenye gari la 1958, ama iliongezwa na fundi, ama ilinunuliwa dukani wakati ule kama kifaa cha ziada. Tofauti hiyo ni muhimu, na tutairudia.

Kwenye boneti, juu ya kishikio, magari ya hadi 1962 yalibeba nembo ya mji wa Wolfsburg: mbwa mwitu juu ya ngome. Umeme ulikuwa wa volti 6 kwa masoko mengi hadi Julai 1967, ndipo ukawa wa volti 12. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo taa kubwa za mbele, zilizokuwa zimelala chini ya kioo kilichoinama, zikasimama wima, na bampa nyembamba za mviringo zikapisha bampa nene za mraba.

Sasa ona kinachotokea. Mtu ana gari la 1959. Fundi anamwambia taa za nyuma zimeoza, anamletea za 1970 kwa kuwa ndizo zilizopatikana. Bampa anamwekea za 1968. Ile mikono ya ishara inazibwa kwa bati na puti. Boneti inatoka kwenye gari jingine. Kila badiliko peke yake ni dogo, na kila moja lina sababu. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwishowe una gari ambalo mbele lina mwaka wake, nyuma mwaka wake, na katikati hakuna ajuaye.

Namba zisomwe kabla ya spana

Kabla hujafungua nati moja, lijue gari lako kwa namba.

Namba ya chasi ya Beetle imegongwa kwenye mgongo wa chasi chini ya kiti cha nyuma. Iko pia kwenye kibao kidogo ndani ya buti ya mbele. Namba ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe, chini ya kikalio cha dainamo. Linganisha zote na logbuku. Zikitofautiana, tatua jambo hilo kwanza, kwa sababu hakuna maana ya kutumia pesa kwenye gari lenye utata wa umiliki.

Kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Agosti 1964, namba ya chasi inakueleza mwaka. Namba ikianza na 115, ni gari la modeli ya 1965. Ikianza na 116, ni la 1966, 117 ni la 1967, na kuendelea. Lakini kumbuka mwaka wa modeli wa Volkswagen ulianza Agosti, baada ya likizo ya kiwanda. Gari lililotoka Septemba 1964 ni la modeli ya 1965. Logbuku inaweza kuonyesha mwaka mwingine kabisa, kwa kuwa gari lilisafiri kwa meli, likakaa, ndipo likasajiliwa. Wengi wamenunua vifaa visivyofaa kwa sababu waliamini mwaka wa logbuku peke yake.

Vifaa vyenyewe pia vina namba, na hapa ndipo kijana mwenye macho makali anaweza kujifunza lugha ya kiwanda kwa siku moja. Namba ya kifaa cha Volkswagen ina tarakimu tisa kwa mafungu ya tatutatu. Fungu la kwanza linasema ni gari gani: linaloanza na 1 ni familia ya Beetle, linaloanza na 2 ni familia ya Kombi. Tarakimu ya kwanza ya fungu la pili inasema ni sehemu gani ya gari: 1 ni injini, 2 ni mafuta na ekzosi, 3 ni gia, 4 ni ekseli ya mbele, 5 ya nyuma, 6 ni magurudumu na breki, 7 ni pedali na wenzo, 8 ni bodi, 9 ni umeme. Kwa hiyo ukiokota kifaa kwenye rundo la skrapu kimeandikwa 111 957 na kuendelea, unajua kabla hujakisafisha kwamba ni spidomita ya Beetle, maana 957 ni fungu la spidomita. Ukikuta 945, umeshika taa ya nyuma. Herufi inayofuata mwishoni huonyesha kifaa kilifanyiwa marekebisho kiwandani.

Ongeza hapo majina ya waliotengenezea kiwanda: Bosch kwenye distribyuta na dainamo, Solex kwenye kabureta, VDO kwenye spidomita, Hella kwenye taa, Sekurit kwenye pembe ya kioo. Vingi vya hivi vina tarehe iliyogongwa. Kioo chenye alama inayolingana na mwaka wa gari ni ushahidi kwamba gari halijapata ajali kubwa upande ule. Hata bolti zina maandishi kichwani, na jina kama Kamax juu ya bolti ni salamu kutoka kwa mtu aliyeikaza mara ya kwanza.

Mwenye kutaka uhakika zaidi anaweza kuwaandikia Stiftung AutoMuseum Volkswagen, Wolfsburg. Kwa malipo, wao hutoa cheti cha kuzaliwa cha gari kutokana na kumbukumbu za kiwanda: lilitoka tarehe gani, likiwa na rangi gani, viti vya aina gani, na lilipelekwa wapi. Kwa familia, karatasi hiyo peke yake ni urithi.

Picha za Marekani si kioo chetu

Tahadhari moja kubwa. Picha nyingi na vifaa vingi vipya vya Beetle vinavyouzwa duniani vinalenga soko la Marekani, kwa kuwa huko ndiko waliko wanunuzi wengi. Lakini Beetle ya Marekani haikuwa kama ya kwetu. Usukani ulikuwa kushoto. Kule mikono ya ishara iliondolewa mapema, 1955. Bampa zao ziliongezwa bomba la juu la kukinga, na taa zao za mbele zilikuwa za aina nyingine kwa sababu ya sheria zao.

Anayefuata picha hizo bila kuuliza anaishia na gari la California lenye usukani wa Mombasa. Gari letu lina asili yake: usukani kulia, mara nyingi spidomita ya maili kwa yale ya zamani, na labda kibao cha muuzaji wa Nairobi au Mombasa aliyeliuza mara ya kwanza. Kibao hicho kidogo cha bati, ambacho wengi hukifumua wakati wa kupaka rangi, hakitengenezwi tena popote. Picha za harusi za miaka ya 1960 zilizo kwenye sanduku la nyanya yako zinaweza kuwa mwongozo bora kuliko katalogi yoyote ya ng'ambo. Zitafute kabla ya kitu kingine.

Vitu vidogo vyenye kazi kubwa

Kuna anayesema haya yote ni mapambo ya wenye pesa. Tumjibu kwa injini.

Beetle haina rejeta wala maji. Injini hupozwa na hewa. Feni huvuta hewa safi kutoka kwenye chumba cha injini, huisukuma juu ya silinda, na hewa ikishapata joto hutokea chini ya gari. Ili mpango huu ufanye kazi, chumba cha injini lazima kitengwe na chini. Kazi hiyo inafanywa na mabati madogo na ukanda wa mpira unaozunguka injini pande zote.

Sasa fikiria injini imeteremshwa mara tano katika maisha yake. Kila mara ukanda ule umechanika kidogo. Mara ya tatu fundi ameutupa. Mara ya nne bati moja la nyuma halikurudishwa kwa kuwa skrubu zake zilikatika. Mara ya tano mabomba ya kupasha joto ndani ya gari yameondolewa, maana nani anahitaji hita Mombasa, na matundu yake kwenye kasha la feni yameachwa wazi. Sasa hewa iliyokusudiwa silinda inatoroka pembeni, na hewa ya moto kutoka chini inarudi juu kuvutwa tena na feni. Gari linapandisha joto kwenye mlima wa Mazeras, na mwenyewe anasema Volkswagen haziwezi joto la Pwani. Zinaweza. Kilichokosekana ni mpira na bati ambavyo kiwanda kiliviweka kwa sababu.

Chukua mfano wa pili. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma. Kiti hicho kina springi za chuma, na chini yake nyuzi zinazoshika moto. Kiwanda kiliweka kifuniko juu ya betri. Kifuniko kikipotea, au ikawekwa betri ndefu kuliko iliyokusudiwa, abiria watatu wanene wakikaa nyuma springi zinagusa vichwa vya betri. Moto huanzia chini ya makalio yao. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo sana, na bado hukosekana kwenye magari mengi.

Mfano wa tatu ni ule mkanda mwembamba kati ya madigadi na bodi. Wengi huuona kama urembo na huujaza puti ili gari lionekane kipande kimoja. Mkanda ule huzuia chuma kusuguana na chuma. Ukijaza puti, mtikisiko wa barabara utaipasua, maji yataingia kwenye ufa, na kutu itaanza mahali usipoona.

Kwa hiyo usidharau kitu kwa sababu hujui kazi yake. Uliza kwanza kilikuwa kinafanya nini.

Chumvi yetu

Anayefufua gari Nairobi ana adui mmoja, umri. Sisi tuna wawili, umri na upepo wa bahari. Chumvi huingia kila mahali na kutu hula kutoka ndani. Kwenye Beetle, chunguza kwanza mihimili iliyo chini ya milango, ambayo ndani yake hupita hewa ya hita. Kisha sakafu chini ya betri, shimo la tairi ya akiba, na pale bampa zinaposhikiliwa.

Mihimili ya chini ya milango ndiyo uti wa mgongo wa bodi. Fundi akikata mihimili yote miwili kwa pamoja bila kuishikilia bodi, bodi hujipinda, na milango haitafunga sawasawa tena hata ukiigonga mwezi mzima. Upana wa mwanya kati ya mlango na bodi ni moja ya vitu vidogo ambavyo mtu mzoefu huvitazama kwanza. Pima mianya hiyo ikiwa gari bado zima, iandike, na baada ya kuchomelea ipimwe tena kabla rangi haijapakwa.

Rangi nayo isichaguliwe kwa katalogi ya simu. Kila rangi ya Volkswagen ilikuwa na namba inayoanza na herufi L: L41 ni nyeusi, L87 ni nyeupe ya lulu. Kama hujui ya gari lako, itafute mahali jua na brashi havikufika: nyuma ya dashibodi, chini ya vitambaa vya milango, chini ya mpira wa buti. Sugua polepole, tabaka baada ya tabaka. Ya chini kabisa juu ya rangi ya msingi ndiyo ya kiwandani. Ukibadilisha rangi au injini tofauti na ilivyo kwenye logbuku, ni lazima NTSA ijulishwe na kumbukumbu zirekebishwe. Na kibao cha chasi kisihamishwe kutoka gari moja hadi jingine kwa sababu yoyote. Huko si kufufua gari. Ni kosa la jinai.

Safisha, tengeneza, ndipo ubadilishe

Utaratibu mzuri si mgumu, unahitaji subira tu.

Kwanza piga picha. Piga kila pembe, kila waya, kila skrubu, kabla na wakati wa kufungua. Simu uliyonayo inatosha. Picha mia tatu si nyingi.

Pili, kila kinachotoka kiwekwe kwenye mfuko wake na kiandikwe: skrubu za mlango wa kulia, bawaba ya juu. Usiruhusu ndoo moja ya nati na bolti. Ndoo hiyo ndiyo kaburi la asili ya gari.

Tatu, safisha kabla ya kuhukumu. Taa inayoonekana imekufa mara nyingi ina uchafu na kutu kwenye miguso ya umeme. Kromu iliyofifia huweza kurudi kwa kusuguliwa taratibu. Kabureta ya Solex iliyoziba husafishika, ikapata gasketi mpya na kufanya kazi vizuri kuliko nakala ya bei rahisi.

Nne, tengeneza kabla ya kubadilisha. Viti vya zamani vilijazwa pedi za nyuzi zilizoshikanishwa kwa mpira, si sponji. Pedi za namna hii hutengenezwa hata kwa nyuzi za makumbi, na sisi watu wa minazi tunaweza kushangaa kwamba Wazungu walikalia kumbi huku sisi tukilitupa na kuweka sponji inayobonyea kwa mwaka mmoja. Fundi wa viti mzuri anaweza kuitengeneza pedi na kushona kitambaa kwa mshono uleule, akihesabu mistari ya zamani.

Tano, ukilazimika kubadilisha, weka cha zamani. Kitie sandukuni na jina lake. Anayekuja baada yako, awe mwanao au mnunuzi, atakushukuru. Na badiliko lolote lifanyike kwa njia inayoweza kurudishwa: usitoboe dashibodi kwa ajili ya redio ikiwa unaweza kuificha chini ya kiti.

Sita, usiondoe kila kilichoongezwa. Geji ya mafuta ya dukani ya 1959, kibeba mizigo cha zamani juu ya gari, beji ya klabu kwenye bampa: hivi havikutoka kiwandani lakini ni maisha ya gari. Kigezo ni kuuliza kiliongezwa lini na kwa nini. Cha mwenye gari wa kwanza kibaki. Cha haraka ya juzi kiondoke.

Pale asili inapopisha usalama

Asili si dini. Matairi ya zamani hata yakiwa na kashata nzuri hayafai, mpira umekufa. Mabomba ya mpira ya petroli, yale yaliyofumwa kwa uzi, hukauka na kupasuka, na Beetle nyingi zimeungua kwa petroli kudondokea injini ya moto. Weka mapya yenye sura ileile, na ukague mara kwa mara. Mabomba ya breki, silinda za breki na waya zilizomeguka zibadilishwe bila majadiliano. Mikanda ya usalama ifungwe hata kama kiwanda hakikuiweka. Na anayefungua breki na klachi za zamani asipulize vumbi lake kwa upepo wala kwa mdomo, kwani huenda lina asbestosi. Alowanishe kwa maji, avae barakoa inayozuia vumbi laini, apanguse kwa kitambaa na akitupe kitambaa hicho kikiwa kimefungwa.

Fundi na mwenye gari

Si haki kumlaumu fundi peke yake. Fundi wetu wa jua kali amefundishwa na maisha kuhakikisha gari linatembea kesho asubuhi kwa pesa alizopewa leo. Akibadilisha taa ya 1959 kwa ya 1970, ametatua tatizo aliloambiwa. Kama mwenye gari anataka kitu kingine, aseme mapema, aandike, na alipe muda wake. Kusafisha kifaa cha zamani huchukua saa nyingi kuliko kufunga kipya, na saa hizo ni chakula cha mtu. Makubaliano yawe wazi: hakuna kinachotupwa bila mwenyewe kukiona.

Na kwa fundi, hapa pana riziki. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yaliyozidi miaka minane. Kwa hiyo magari ya zamani tuliyonayo ndiyo tuliyonayo, na kila moja linaloenda skrapu halirudi. Yanayobaki yatazidi kutafutwa, na wenye nayo watatafuta mtu anayejua tofauti ya skrubu na skrubu. Nairobi yanashindanishwa kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, mbele ya waamuzi wanaoinama kutazama chini ya gari. Kijana wa Changamwe anayeweza kusoma namba ya kifaa, kunyoosha madigadi bila kilo tano za puti, na kurudisha kila bati la injini mahali pake, hana ushindani mkubwa leo. Wazee waliojua kazi hiyo wanaondoka mmoja mmoja, na ujuzi wao hauko kwenye kitabu chochote. Akawaulize sasa, wakiwa hai.

Wewe nawe mwenye gari uani, wiki hii usiite mtu wa skrapu wala fundi. Chukua tochi, kalamu na simu. Andika namba ya chasi na ya injini. Piga picha za taa, vioo, vibao na viti. Okota kila kilichoanguka ndani ya gari, hata kama hukitambui, ukifunge kwenye mfuko. Waulize wakubwa wa familia gari lilinunuliwa wapi na lilikuwa rangi gani. Baada ya hapo ndipo ukae na fundi. Mwacha asili ni mtumwa, na gari nalo likiachishwa asili yake hubaki bati linalotembea.